Neno la Siku

Katika maktaba ya Bariadi kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa miwani. Si miwani ya kujivunia. Mingine imefungwa kwa uzi, mingine imebaki na mkono mmoja, na mingi imeletwa na watoto ambao baba zao hawaihitaji tena. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi, Lukresia, mkutubi, huliweka kopo hilo katikati ya meza ndefu, na wazee waliopigana Vita vya Kagera huingia mmoja mmoja, wakachagua kama watu wanaochagua viatu vya mtumba: jaribu, kunja uso, rudisha, jaribu tena. Akipata ya kumfaa, mzee huketi akaanza kusoma habari za maradhi yake.

Mzee Ndalahwa hakuwa akiligusa kopo lile. Macho yake, alisema, yalikuwa mazima. Lakini tusifichane, shida haikuwa macho. Ndalahwa hakujiona mtu wa kuarifiwa. Yeye alikuwa mtu wa kuarifu. Vitani alibeba redio ya kikosi miezi minane, na tangu arudi, miaka arobaini na kitu sasa, ukitaka kujua mvua imenyesha wapi, nani kafiwa, au mnunuzi gani wa pamba kaanza kupima, ulimwuliza yeye. Akikwambia, umemaliza.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba aliingia kifua mbele, simu mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Leo nimekuletea kitu. Kichape, ukibandike pale ubaoni wazee wote wakione."

Alipenda kuingia humo, hata kama hakukubali kusomeshwa. Jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala la chama cha ushirika, na siku za joto kuta bado zilitoa harufu ya mbegu za pamba. Pale palipo na rafu za vitabu vya watoto ndipo aliposimama na baba yake, yeye akiwa na miaka kumi, wakisubiri zamu ya mizani, ng'ombe wa mkokoteni wakiwa wamefungwa nje. Na malori ya pamba yaliyokuwa yakipakia mlangoni hapo ndiyo yaliyokuja kuwachukua mwaka wa sabini na nane. Walikwenda vitani na nyuzi nyeupe kwenye nywele, wakiimba kwa Kisukuma mpaka sauti zikawakauka. Walikuwa vijana thelathini na mmoja. Sasa wamebaki tisa, na hao tisa wana kundi lao la WhatsApp.

Lukresia akaipokea simu. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mpole wa sauti lakini si mtu wa kuyumbishwa. Meza ya Alhamisi aliianzisha mwenyewe, baada ya kuona wazee wanaokuja kusoma magazeti wanamzungukazunguka na maswali ya kuibia: eti mama, hakuna kitabu chenye habari za mkojo? Eti hiki kisukari, ni kweli kinakula miguu? Kila Alhamisi alianza kwa maneno yaleyale. "Mimi si daktari. Kazi yangu ni kukuonyesha nani kasema nini, na kama anajua anachokisema."

Akasoma kwa sauti. "Muhimu sana kwa wastaafu. Presha kwisha kabisa ndani ya siku arobaini. Acha vidonge, vinaua figo. Chemsha mzizi huu, kunywa asubuhi na jioni. Sambaza kwa uwapendao." Chini yake palikuwa na picha ya bwana mmoja aliyevaa koti jeupe, meno yote nje, na namba ya simu ya kuagizia huo mzizi.

"Baba, huyu ni nani?"

"Si unamwona? Daktari."

"Anaitwa nani?"

Ndalahwa akainama kutazama. "Daktari bingwa."

"Bingwa wa hospitali gani?"

"Ah, wewe nawe! Koti hulioni?"

Wazee wawili waliokuwa mezani wakajiziba midomo. Lukresia hakucheka. Aliigeuza kompyuta ili Ndalahwa aone, akaitafuta picha ile, nayo ikaja mara moja, tena haikuja peke yake. Bwana yule, kwa koti lilelile na meno yaleyale, alikuwa akitangaza dawa ya mswaki katika nchi ambayo hata maandishi yake hayakusomeka. Mahali pengine alikuwa akiuza magodoro.

"Ana kazi nyingi," alisema Ndalahwa, akijaribu kuwachekesha. Safari hii hakucheka mtu.

Lukresia akafungua mwongozo wa Wizara ya Afya, akamsomea polepole: mgonjwa wa shinikizo la damu asiache dawa bila kuonana na mhudumu wa afya, hata kama anajisikia mzima. Akamwonyesha chini kabisa walioandika ni kina nani, na mwaka walioandika. Akafungua mwingine, wa watu wengine kabisa, nao ukasema vilevile.

"Hawa hawauzi mizizi," alisema. "Wala vidonge hawauzi. Ndiyo maana mimi huanzia kwao. Sasa wewe baba, ulipoupokea huu wako, uliuliza umetoka wapi?"

"Umetoka kwa Jilala. Askari mwenzangu."

"Na Jilala?"

"Kwa shemeji yake, kule Lagangabilili."

"Na shemeji?"

Ndalahwa akaitazama tena simu. Maswali yale aliyajua. Aliyajua hata kabla huyu mama hajajua kusoma, maana zamani yalikuwa kazi yake.

Vitani, kila alfajiri, kikosi kilipewa neno la siku. Lilikuwa neno tu, la kawaida: jembe, chumvi, kobe. Yeyote aliyeita redioni bila neno hilo hakusikilizwa, awe na cheo gani. Na aliyepokea ujumbe aliurudia wote, neno kwa neno, ili aliyeutuma ajue umefika mzima. Ndalahwa alikaa na redio kubwa nyuma, karibu na kamanda, na jina lake hewani lilikuwa Kisima. Redio ndogo ya mbele aliibeba Bujiku, kijana wa Shishiyu mwenye mapengo na kicheko cha kuambukiza, naye aliitwa Mtama. Kwa kurudia ujumbe Bujiku hakuwa na mfano. Mvua inyeshe, risasi zilie, hakuwahi kudondosha hata neno moja.

Mchana mmoja ilikuja sauti redioni ikiamuru kundi la mbele livuke daraja upesi. Sauti nzuri, Kiswahili kimenyooka, inajua hata jina la kamanda. Ndalahwa akaiuliza neno la siku. Ikamtukana. Kamanda naye akamjia juu, peleka amri hiyo wewe, unachelewesha watu! Ndalahwa alikuwa na miaka ishirini na miwili, kijasho chembamba kinamtoka, lakini alikataa katakata. Jioni mafundi walitoa mabomu chini ya daraja lile, na mtu ambaye angekuwa wa kwanza kulikanyaga ni Bujiku. Toka siku hiyo Bujiku hakumwuliza tena Ndalahwa neno la siku. Sauti yake ilimtosha.

"Umewapelekea wangapi?" Lukresia aliuliza, kwa upole zaidi.

"Kikosi chote."

Ndalahwa akaichukua simu, akalifungua kundi. Herufi zikamchezea. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo, ukatoa miwani yenye mkono mmoja, akaishikilia puani kwa kidole. Wenzake wengi walikuwa wamejibu kwa alama ya kidole gumba, basi. Lakini chini ya vidole gumba hivyo palikuwa na jibu la Bujiku, la tarehe nane: *Kisima, nimekupata. Narudia. Naacha vidonge. Nachemsha mzizi. Asubuhi na jioni. Mtama.*

Siku lilipoingia jibu hilo Ndalahwa alicheka mpaka machozi. Alimwita mkewe aje aone: tazama huyu mwehu, miaka yote hii na bado anarudia! Jioni nzima ilipita akimsimulia habari za redio, na alilala na furaha ya kijana. Sasa alilisoma tena, neno kwa neno.

"Huyu ana presha?" Lukresia aliuliza.

"Toka mwaka juzi. Alianguka shambani. Walimwambia vidonge asikose hata siku moja." Akahesabu kwa vidole. "Siku kumi na sita, mayu."

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, vilevile. Lukresia akajitolea kuandika ujumbe wa kuwatahadharisha wote, naye akatikisa kichwa. Ujumbe hufutwa na yule aliyeutuma, ndivyo walivyofundishwa. Akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa shida na polepole: *Ujumbe wangu wa tarehe nane naufuta. Msiache dawa.* Majibu yakaanza kuingia. Jilala akauliza kulikoni. Mwingine akasema ashukuriwe Mungu, alikuwa amepanga kuuanza mzizi Jumatatu. Kwa Bujiku kimya.

Lukresia alikuwa tayari amechapa karatasi mbili. Ya kwanza ilihusu vidonge vya presha. Ya pili ilihusu dalili za kiharusi.

"Hii ya pili ya nini?"

"Siku kumi na sita si chache, baba." Juu ya kila karatasi aliandika kwa kalamu nani aliyeitoa na mwaka gani, kisha akampigia Limbu, mwenye pikapu ya kubebea pamba, aliyekuwa akielekea upande wa Shishiyu, ampitishe mzee kwa Bujiku. "Miwani nenda nayo," akamwambia Ndalahwa. "Utairudisha."

Njiani mashamba yalikuwa yamekwisha kuchumwa, mashina ya pamba yamesimama makavu huku na huku. Limbu alijaribu kuzungumzia bei, mara mpira, akaona mzee hayupo. Ndalahwa aliisoma karatasi ya pili mara tatu, midomo ikimchezacheza, kama alivyokuwa akikariri maneno ya siku. Tazama uso. Tazama mikono. Sikiliza maneno. Usipoteze muda. Usimpe chakula, wala kinywaji, wala dawa, mpaka aonwe.

Walimkuta Bujiku uani, amekaa kwenye kigoda, rundo la pamba mbele yake juu ya turubai. Yeye na mkewe, Esteria, walikuwa wakitenga pamba safi na fifi, ile yenye madoa. Alipomwona mgeni, mapengo yote yakawa nje.

"Kisima!"

"Mtama!"

Ndalahwa akashusha pumzi. Mtu huyu hapa, mzima, anacheka, anamwuliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto. Kumbe nimejitia wazimu bure, akawaza. Akaletewa kiti. Akaanza hata kutafuta maneno ya kuufanya ujio wake uwe wa kawaida tu, kwamba alikuwa akipita. Ndipo alipoona pamba.

Bujiku alikuwa akiichota kwa mkono wa kushoto, na ikimdondoka. Anaichota tena, inadondoka. Hakuwa akiliona hilo. Pembeni ya goti lake kulikuwa na kilima kidogo cha pamba safi na fifi iliyochanganyika.

"Shemeji, huo mkono una nini?"

"Toka asubuhi yuko hivyo," alisema Esteria. "Anasema aliulalia. Hata bakuli la uji limemponyoka."

"Bujiku, cheka."

"Nicheke nini tena?"

"Cheka tu, bwana, nikuone."

Bujiku akacheka. Upande wa kulia ulicheka. Wa kushoto ulibaki umelala.

"Mikono juu."

"Eh! Leo tunasalimu amri?" Hata hivyo akaitii, maana aliyesema ni Ndalahwa. Mkono wa kulia ulipanda ukasimama. Wa kushoto ulifika usawa wa kifua, ukateremka taratibu mpaka mapajani. Bujiku akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Esteria akaachia kikapu.

"Vidonge vyake viko wapi?"

Esteria akakimbilia ndani, akarudi na kikopo. Ndalahwa alikipokea na kukifungua, na kidonge kilikuwa tayari kiganjani. Alitamani kukitia mdomoni mwa rafiki yake muda uleule, kuzirudisha zile siku zote kumi na sita kwa mara moja. Kisha akaukumbuka mstari wa mwisho wa karatasi. Akakirudisha kidonge kikoponi na kumwambia Limbu awashe gari. Waende Maswa, hospitali, sasa hivi.

"Siendi," alisema Bujiku. "Hospitali ya nini? Dawa nakunywa. Asubuhi na jioni, kama ulivyoniagiza. Mwulize shemeji yako kama nimekosa hata siku moja."

"Hajakosa," alisema Esteria, akilia sasa.

Maneno hayo yalimwumiza Ndalahwa kuliko kama angetukanwa. "Ujumbe ule nimeufuta, Bujiku."

"Umeufuta?"

"Nimeufuta leo."

Bujiku akamkazia macho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mambo ya daraja, akauliza: "Neno la siku?"

Ndalahwa angeweza kusema lolote, jembe, chumvi, kobe, na pengine Bujiku angelipokea. Alivua miwani.

"Sina," alisema. "Na ule wa kwanza nao haukuwa nalo. Niliupokea bila kuuliza, nikakuletea."

"Bila neno?"

"Bila neno."

"Wewe?"

"Mimi, Bujiku. Nilipenda tu kuwa na kitu cha kuwaambia."

Bujiku akatazama chini, kwenye pamba yake iliyochanganyika. Watu wawili tu duniani walijua uzito wa alichokisikia, na wote wawili walikuwa uani pale. "Lo," akasema. Kisha akautoa mkono wake wa kulia ili ashikwe, ainuliwe.

Walimlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia matupu ya pamba, Esteria amepakata kichwa chake, Ndalahwa amepiga magoti ubavuni. Limbu aliendesha kama aliyeiba gari. Magunia yalitoa harufu ileile ya yale malori ya zamani, na nyuzi nyeupe zikapeperuka, zikawashika nywele, ambazo nazo sasa zilikuwa nyeupe. Wakati ule walikuwa wakiimba. Ndalahwa alijaribu kuukumbuka hata wimbo mmoja, akakosa pa kuanzia. Bujiku alisema kitu juu ya ng'ombe wasisahauliwe maji, na maneno yakatoka mazito, yamekwaruzana. Kila walipoacha kumsemesha, macho yake yalianza kufumba.

Ndalahwa akamwinamia sikioni.

"Mtama, Mtama, hapa Kisima. Umenipata?"

Macho yakafunguka. "Nime... nimekupata."

"Ujumbe. Wa tarehe nane umefutwa. Vidonge visiachwe. Unakwenda hospitali, wenzako wako nawe. Kosa ni la Kisima. Rudia."

Bujiku akajilamba midomo. Alichukua muda, na Esteria akataka kumsaidia, Ndalahwa akamzuia kwa mkono.

"Narudia," alisema Bujiku. "Wa tarehe nane... umefutwa." Akapumua. "Vidonge... visi... visiachwe. Nakwenda hospitali. Wenzangu... wako nami." Akanyamaza.

Ndalahwa alisubiri. Gari likapita kwenye shimo, wakarushwa, wakatua. Alisubiri zaidi.

"Hujamaliza, Mtama. Kuna maneno umeyaacha mwishoni."

Mtu huyu hakuwahi kuacha neno, si kwenye mvua wala kwenye risasi. Alimtazama Ndalahwa kwa macho yake mawili mazima, na upande mmoja wa mdomo ukajaribu kupanda.

"Hayo... sikuyapata," alisema. "Mawimbi mabaya."

"Nilisema kosa ni..."

"Mabaya," alisema Bujiku, na mkono wake wa kulia ukapapasa juu ya magunia mpaka ukaupata mkono wa shati la Ndalahwa, ukaukamata.

Ndalahwa aliifuta miwani yenye mkono mmoja, akaivaa, ingawa hapakuwa na cha kusoma. Paa za Maswa zilianza kuonekana mbele. Akainama tena sikioni kwa mwenzake, akaurudia ujumbe wote kuanzia mwanzo.